Staji ya udaktari nje ya nchi: mwongozo kwa mwanafunzi wa Mudzipela, Bunia

Kama unasomea udaktari na unataka mwaka ujao ukafanye staji Uganda au Tanzania, jambo la kwanza la kufanya wiki hii ni kwenda kupata chanjo ya homa ya ini aina ya B. Barua, pasipoti na pesa vitafuata. Chanjo hiyo hutolewa mara 3: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Hospitali nyingi zinazopokea wanafunzi wa kigeni huomba karatasi yake kabla ya kukufungulia mlango wa wodi. Barua unaweza kuipata kwa wiki mbili ukiwa na bahati, lakini miezi 6 ya chanjo si rahisi kuifupisha. Kwa hiyo hesabu muda wako kuanzia hapo: anza miezi 8 au 9 kabla ya tarehe ya kuondoka.

Tuwekane sawa kidogo, maana wazazi na wajomba nao watausoma mwongozo huu. Staji ni mazoezi ya kazi ambayo mwanafunzi anafanya hospitalini chini ya daktari mzoefu. Anapita vitandani asubuhi pamoja na madaktari, anawauliza wagonjwa habari za ugonjwa wao, anawapima, anaandika, anahudhuria upasuaji. Hapati mshahara. Akienda nje ya nchi, mara nyingi yeye ndiye anayelipa. Basi mtoto akiwaambia amepata staji Kampala, mfurahi naye, ila msianze kungoja Western Union.

Je, ni lazima kwenda nje? Si lazima, na ningependa ulijibu swali hili kwa utulivu kabla ya kumwomba mtu yeyote mchango. Ituri, mkoa wetu, inamfundisha daktari mambo ambayo vyuo vikubwa vinayasoma vitabuni tu. Malaria kali ya watoto iko hapa kila siku. Tauni, ugonjwa ambao kwingi duniani umebaki historia, bado inajitokeza upande wa Rethy. Majeraha ya risasi na panga, kwa bahati mbaya, hayajaisha. Na Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikamalizika tarehe 25 Juni 2020 iliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Aliyefanya kazi hospitalini miaka ile anajua kuvaa na kuvua mavazi ya kinga kuliko maprofesa wengi. Kwa hiyo usiende ng'ambo kutafuta ulichokiacha nyumbani. Nenda kwa ajili ya kile usichokiona hapa: matibabu ya saratani, upasuaji wa moyo, mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine za kupumulia. Andika kwenye karatasi mambo 3 unayotaka kuyaona. Karatasi hiyo itakuchagulia hospitali kuliko ushauri wa rafiki.

Sasa, wapi? Kwa mtu wa Bunia, jirani wa kwanza ni Uganda, na mahali ninapopapendekeza kwanza ni hospitali ya St. Mary's Lacor iliyo nje kidogo ya mji wa Gulu. Wamisionari wa Comboni waliianzisha mwaka 1959, na leo ni hospitali kubwa inayofundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Gulu. Ndiyo hospitali ya Dkt. Matthew Lukwiya, aliyesimama na wauguzi wake dhidi ya Ebola mwaka 2000 hadi ugonjwa huo ukamchukua mwezi Desemba. Mwanafunzi wa Ituri hatajihisi mgeni mbele ya historia kama hiyo. Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: wagonjwa wengi wa Lacor wanasema Kiacholi. Kama wewe ni Mualur wa Mahagi, lugha hizo ni ndugu, na ndani ya siku chache utakuwa unaongea na mgonjwa bila mkalimani.

Kampala kuna Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa, inayofundishia wanafunzi wa Makerere, chuo ambacho shule yake ya udaktari ilianza mwaka 1924. Hapo hapo Mulago kuna taasisi ya saratani na ya moyo. Ni pazuri kwa mtu aliye mwaka wa mwisho anayejua anachotafuta. Aliye mchanga atamezwa na umati. Mbarara, kusini magharibi, ni mji mtulivu zaidi wenye chuo kikuu na hospitali ya rufaa pamoja.

Tanzania ni mbali zaidi, lakini ina jambo moja ambalo Uganda haina: mgonjwa, muuguzi na mfagiaji wote wanasema Kiswahili. Bugando iko Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. KCMC iko Moshi chini ya Kilimanjaro. Muhimbili iko Dar es Salaam, na jijini humo kuna pia taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya saratani ya Ocean Road. Kiswahili chetu cha Bunia kitaeleweka, ila jizoeze mapema kuuliza kwa adabu mambo ya choo, hedhi, mimba na ndoa, maana hapo ndipo lugha ya nyumbani inapoweza kumkwaza mama wa watu. Shikamoo kwa kila mtu mzima, kila asubuhi, kabla ya kugusa faili.

Ulaya nitaigusa kwa ufupi. Inawezekana, hasa kupitia mabadilishano ya shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi wa udaktari, IFMSA, lililoundwa mwaka 1951. Kwa kawaida ni wiki 4, na wenyeji hukupa malazi na walau mlo mmoja kwa siku. Uliza wakubwa zako chuoni kama chama chenu kinashiriki. Lakini viza ya Ulaya kwa kijana wa Bunia inaanzia Kinshasa, na nauli peke yake ingelipa miezi kadhaa ya maisha ya Gulu. Kama ni ya kwanza, kaa karibu.

Hatua inayofuata ndiyo wengi wanaiharibu. Kabla ya kuandikia hospitali yoyote, nenda kwa mkuu wa kitivo chako, uwe unasomea Bunia kwenyewe, Kisangani au Butembo, umwulize maswali haya: Je, kitivo kitaihesabu staji ya nje katika alama zangu? Ni idara zipi mnazikubali, na kwa wiki ngapi? Nani huko lazima atie sahihi kwenye karne yangu ya staji, ile daftari ya kuandikia kazi ya kila siku? Majibu yawe kwenye karatasi, na sahihi na muhuri. Bila karatasi hiyo utaweza kufanya kazi nzuri sana Mulago kwa miezi 2, kisha urudi uambiwe uanze upya. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ulipoingia, ratiba zilibadilika, na kila kitivo kinapanga kwa namna yake, kwa hiyo jibu alilopewa kaka yako miaka 5 iliyopita lisikutoshe.

Ukishapata kibali cha kitivo, andika barua ya maombi. Uganda, Kenya na Tanzania zinafundisha udaktari kwa Kiingereza, kwa hiyo barua iwe kwa Kiingereza, na hapa kuna mtego mmoja. Kwao "internship" ni mwaka mzima wa kazi wa daktari aliyekwisha kuhitimu, unaopangwa na serikali. Ukiomba hiyo watakutuma wizarani na utapotea njia. Unachotaka wewe, kwao, kinaitwa "elective": wiki 4 hadi 8 za mwanafunzi mgeni. Andika neno hilo kwenye mstari wa kwanza.

Barua iwe ukurasa mmoja. Useme wewe ni nani, unasoma wapi na mwaka gani, unataka idara ipi, kuanzia tarehe gani hadi gani, na yale mambo 3 uliyoyaandika kwenye karatasi. Iambatane na barua ya mkuu wa kitivo, karatasi ya alama zako, cheti cha kuthibitisha kuwa umesajiliwa mwaka huu, nakala ya pasipoti na karatasi ya chanjo. Vilivyo kwa Kifaransa vitafsiriwe na mtu anayejua lugha zote mbili vizuri. Mwalimu wa Kiingereza wa chuoni ni bora kuliko programu ya simu, ambayo hugeuza majina ya kozi kuwa vichekesho. Kwenye hospitali ya chuo, tuma kwa ofisi ya chuo inayoshughulika na wanafunzi wa kigeni. Kwenye hospitali ya misheni kama Lacor, tuma kwa mkurugenzi wa tiba. Anwani ichukue kwenye tovuti ya hospitali yenyewe. Usipojibiwa ndani ya wiki 3, andika tena kwa upole. Kukaa kimya kwao mara nyingi ni kazi nyingi tu.

Na hapo ndipo kamisioneri, yaani dalali, anapoingia. Atakupigia WhatsApp, atasema ana mtu wake ndani ya hospitali, nafasi zinakwisha, tuma dola kwa namba hii. Hospitali ya kweli ina akaunti ya benki yenye jina la hospitali au chuo, inakuandikia barua ya kukubaliwa yenye jina lako na tarehe, na inatoa risiti. Namba ya simu yenye jina la mtu binafsi si akaunti ya hospitali, hata mtu huyo awe mpwa wa pasta wako. Usitume hata faranga 1 kabla barua haijafika na hujaihakiki kwa kuandikia ofisi ile ile uliyoipata kwenye tovuti.

Gharama zenyewe ni zipi? Ada ya staji hutofautiana sana baina ya hospitali, na mara nyingi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mtu wa Ulaya. Hapa una hoja mkononi: Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huo. Baadhi ya maofisa bado wana orodha ya zamani ya nchi. Uliza kwa maandishi: "Ada yenu kwa mwanafunzi wa nchi mwanachama ni ngapi?" Uliza pia kama ada inahesabiwa kwa wiki au kwa jumla, kama ina malazi ndani yake, na kama kuna pesa ya kitambulisho au usajili pembeni. Juu ya ada weka pasipoti, chanjo, tafsiri, nauli ya kwenda na kurudi, chumba, chakula, laini ya simu, na bima ya ugonjwa ikitakiwa. Chumba cha hospitali au cha masista mara nyingi ni rahisi na salama kuliko nyumba ya kupanga mjini. Ukimaliza kujumlisha, ongeza robo ya jumla kwa yasiyotarajiwa. Nauli ya kurudi itenge siku unayoondoka, mwachie mama au dada mkubwa, isiguswe.

Dola zako ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa. Ya hapa unayajua; kule maduka ya kubadilisha pesa hupunguza bei kwa noti ndogo na za zamani. Bora noti za 50 na 100 kwa akiba, na kidogo ubadilishe mpakani kwa chakula cha njiani.

Kuhusu karatasi za kuvukia: pasipoti ni ya lazima. Lesepase ya kwendea sokoni ng'ambo ya mpaka haikufikishi wodini. Watu wa nje ya Jumuiya wamezoea kulipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya Uganda. Wewe ulizia DGM, idara yetu ya uhamiaji, na ubalozi utaratibu wa Wakongomani mwezi ule unaosafiri, kwa sababu umekuwa ukibadilika. La maana zaidi: muhuri wa mtalii si ruhusa ya kufanya mazoezi hospitalini. Waulize wenyeji wako kama utahitaji kibali cha mwanafunzi kutoka idara ya uhamiaji, na nani anakiomba, wao au wewe. Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba yako ya miaka 12 iliyopita imekufa.

Njia ya kawaida kwenda Gulu ni Bunia, Djugu, Mahagi, kisha Goli mpakani, Nebbi, na Pakwach penye daraja la Nile. Kwa usalama wako, sehemu ya Djugu usiipite kwa mazoea. Ulizia madereva na watu wa parokia siku hiyo hiyo, safiri mchana, na barabara ikiwa mbaya ahirisha. Hospitali itakuelewa ukiwaandikia mapema. Ukivuka, sogeza saa yako mbele saa 1. Wanafunzi wetu wengi hukosa ziara ya kwanza ya asubuhi kwa ajili hiyo tu.

Tuingie wodini sasa, kwa maana hapa ndipo mtu anaweza kumdhuru mgonjwa bila kukusudia. Sisi tumefundishwa kwa Kifaransa, na tofauti si ya lugha peke yake. Hapa Bunia sukari ya damu inasomwa kwa miligramu kwa desilita: 90 ni nzuri, 126 asubuhi kabla ya kula ni kisukari. Kule utasikia muuguzi akisema sukari ni 12. Kwa masikio ya Bunia huyo mgonjwa anakufa, atiwe glukosi haraka. Kumbe kipimo chao ni milimoli kwa lita; zidisha kwa 18 upate 216, yaani sukari iko juu, na glukosi ingeipandisha zaidi. Vivyo hivyo presha: sisi husema 14 kwa 9, wao 140 kwa 90. Ile Bactrim yetu wao huita Septrin. Serum yetu kwao ni dripu. Nunua daftari ndogo ya mfukoni, andika kila kipimo na kila dawa kwa namna zote mbili, na kwa wiki ya kwanza usitamke namba kabla ya kuuliza kipimo chake.

Jiandae pia kufanya kidogo kuliko ulivyozoea. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika hospitali zetu za vijijini hushona vidonda, huzalisha, hata hushika kisu kwenye upasuaji wa uzazi kwa sababu daktari ni mmoja. Hospitali kubwa ya kufundishia itakuweka nyuma ya wenyeji, utazame. Usinune. Omba kazi zinazoachwa: kuandika historia ya mgonjwa aliyeingia usiku, kufuatilia majibu ya maabara, kueleza kisa chake asubuhi mbele ya madaktari. Kueleza kisa kwa Kiingereza kwa dakika 3 bila kusoma ni jambo la kufanyia mazoezi ukiwa bado Mudzipela, jioni, na mwenzako akishika saa. Na simu ibaki mfukoni. Picha ya mgonjwa, hata ya mguu wake tu, haipigwi bila ruhusa yake na ya hospitali, na haiwekwi kwenye status.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, usione haya na usingoje zamu iishe. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi papo hapo. Hatari ya kupata VVU kwa sindano moja iliyotoka kwa mgonjwa mwenye VVU ni kama 3 kati ya 1,000. Ya homa ya ini B, mgonjwa akiwa nayo, kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kati ya 100, ndiyo sababu nilianza na chanjo. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na zinamezwa siku 28. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya yote, uliza dawa hizo zinawekwa wapi usiku na nani ana ufunguo. Na Ebola ikitangazwa upande wowote wa mpaka, baki ulipo, waandikie wenyeji na kitivo. Muda wa kumwangalia aliyekutana na mgonjwa ni siku 21, na hospitali haina kosa ikikuzuia.

Sahihi za karne zichukue kila Ijumaa. Daktari aliyekusimamia anaweza kuhamishwa au kwenda likizo, na siku ya mwisho utamkosa. Kabla ya kuondoka hakikisha una cheti cha staji chenye tarehe, idara, alama, jina la msimamizi na muhuri. Piga nakala, na picha ya kila ukurasa uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Na kama pesa haikutimia? Nyankunde iko kama kilomita 45 kutoka Bunia. Kituo cha tiba cha kiinjili (CME) cha hapo kiliwahi kuwafundisha watu kutoka mbali, na Dkt. Helen Roseveare wa Uingereza alifundisha hapo hadi mwaka 1973. Kilivamiwa Septemba 2002, watu wengi wakauawa, wakiwemo wagonjwa, na kikajengwa tena. Waandikie barua ile ile kwa Kifaransa, na kama hali ya njia inaruhusu omba wiki 8. Bunia mjini kuna Hospitali Kuu ya Rufaa na kituo cha CME. Chanjo yako, karne yako na daftari yako ya vipimo vitatumika huko pia, na barua ya Lacor unaweza kuituma tena mwakani ukiwa na sahihi za Nyankunde juu yake.